Nguo ya Kufichana

Mteja akileta mtindo wa ajabu, Mama alikuwa na jibu moja: "Nitakushonea, mwanangu, lakini uje kuichukua jioni, mtaa ukishatulia." Alisema huku pini ziko mdomoni, kwa hiyo hukuweza kujua kama anatabasamu. Sasa amefariki, na maneno yake mengine yameanza kunitoka. Naandika haya kabla hayajatoka yote.

Duka letu lilikuwa chumba kimoja kilichofunguka barabarani. Ndani kulikuwa na meza ya kukatia na cherehani tatu. Ya dirishani ilikuwa ya Mama, naye alijulikana kwa mabega. Koti lake lilikaa begani kama lililozaliwa pamoja na mwenyewe. Ya kati ilikuwa ya dada yangu, ambaye ni mkubwa kwangu. Ya mwisho, karibu na pasi, ilikuwa yangu, na kazi yangu ilikuwa suruali. Mama aliniita Bwana Pindo. Kwenye kona alisimama sanamu wa kuvalishia nguo, tuliyempa jina la Shangazi, kwa sababu hakuwa na kichwa na bado ulihisi anakulaumu. Tulikuwa tukimwongezea pamba kiunoni kadiri wateja wetu walivyonenepa.

Mwaka huo Dada alikuwa anamaliza chuo cha mitindo. Kulikuwa na maonyesho ya mwisho, na mama mmoja mwenye karakana kubwa ya mitindo angekuja kuchagua mwanafunzi mmoja wa kufanya naye kazi. Mmoja tu. Wengine wote wangerudi walikotoka, na Dada alikotoka ni sare za shule: kola nyeupe, marinda ya bluu, kola nyeupe tena. Alikuwa ameshona sare tangu akiwa mwenyewe anavaa sare. Hakulalamika, ila nilikuwa namwona akimaliza rundo anakaa kidogo na mikono mapajani, kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake.

Siku moja akaja na kitabu kizito cha picha kutoka maktaba ya chuo, akakifungua juu ya meza ya kukatia.

"Hii inaitwa sanaa ya usurealisti," alisema. "Wachoraji waliochora mambo kama yanavyotokea ndotoni."

Mama akavaa miwani. Kulikuwa na picha ya ngazi inayopanda kutoka ndani ya kikombe. Kulikuwa na mwanamke ambaye nywele zake ni samaki, na samaki wote wanatazama upande mmoja.

"Huyu alichora akiwa na homa?" Mama akauliza.

"Alikuwa mzima, Mama."

"Basi aliyemnunulia rangi ndiye alikuwa na homa."

Dada akafunua kurasa za mbele, akatuonyesha jinsi mafundi wa nguo walivyochukua ndoto zile wakazivalisha watu: kofia yenye umbo la kiatu kilichopinduliwa, glavu zenye kucha nyekundu zilizoshonewa juu, koti ambalo mifuko yake ni droo za kabati. Mama aliitazama ile kofia kwa muda mrefu.

"Mshono wa kisigino ni mzuri," alisema hatimaye. "Mwendawazimu, lakini fundi."

Kisha Dada akatueleza mchezo waliokuwa wakiucheza wachoraji wale. Mmoja anachora kichwa, anakunja karatasi, anaacha ncha za mistari tu zikichungulia. Wa pili anachora kiwiliwili bila kujua kichwa ni cha nani. Wa tatu anachora miguu. Wakifunua, wanakuta mtu ambaye hakuna hata mmoja wao angemfikiria peke yake.

"Nataka tushone hivyo," alisema. "Mama juu, mimi katikati, kaka chini. Kila mtu anafunika kazi yake kwa shuka. Tunaachiana vidole viwili vya kitambaa tu, ili wa pili ajue pa kuungia. Hiyo ndiyo nguo nitakayoipeleka kwenye maonyesho."

"Cheti chako unataka kukiweka mikononi mwa Bwana Pindo?"

"Na mwako, Mama."

"Mimi najulikana. Mabega yangu yana akili timamu."

"Ndotoni huwa unaota nini, Mama?"

"Mimi silali, mwanangu. Nafunga macho nisubiri kuche."

Hata hivyo alikubali. Tukatundika mashuka kati ya cherehani, na duka letu likawa kama wodi ya hospitali. Wateja waliingia wakapunguza sauti. Mama alifanya kazi nyuma ya shuka lake bila kuimba, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Ukimchungulia alikurushia kibonge cha nyuzi.

"Mama, umefika wapi?" Dada aliuliza.

"Nimefika kwenye mabega. Ulitaka nifike wapi?"

Mimi nilihangaika. Mtu aliyeshona suruali maisha yake yote ukimwambia aote ndoto, ataota suruali. Mwishowe nilishona upande mmoja suruali na upande mwingine sketi, nikaweka mifuko magotini. Nilijisikia jasiri sana. Sehemu ya Dada ilikuwa kifuani hadi kiunoni: dirisha dogo tumboni lenye pazia la kweli la kuvuta.

Siku moja kabla ya maonyesho tulishusha mashuka. Tulianza na langu, wakacheka. Mama alisema anayetafuta ufunguo ndani ya mifuko ile atafanana na mtu aliyedondosha kitu. Likafuata la Dada. Mama akavuta pazia, akalifunga, akalivuta tena.

"Vizuri. Mwenye nguo akiwa na njaa, jirani wataona."

Kisha Mama akaondoa shuka lake, na kicheko chetu kikakatika.

Lilikuwa koti fupi jeusi, kola yake imesimama, mikono miwili kama ilivyopaswa kuwa. Lakini kutoka mgongoni ulitokea mkono wa tatu. Ulikuwa mkono wa koti la kiume, la kijivu, umejazwa vipande vya kitambaa hadi ukawa na uzito. Ulipita nyuma ya shingo, ukashuka juu ya bega la kulia, na mwisho wake ulikuwa na kiganja cha ngozi laini ya kahawia, vidole vimeachana kidogo, kimetulia pale begani. Kwenye pindo la mkono ule kulikuwa na kifungo kimoja kinachoning'inia kwa uzi.

Tulikijua kile kifungo. Baba alikuwa amekataa miaka yote kishonwe. Alikuwa akisema watu wakiona mume wa fundi anatembea na kifungo kinachoning'inia, watajua fundi ana wateja wengi. Na tuliujua ule mkono. Baba alikuwa mrefu, Mama mfupi, na walipotoka pamoja mkono wake ulikaa begani kwa Mama njia nzima. Mama alikuwa akimwambia anunue ukuta wake mwenyewe wa kuegemea. Miaka sita tangu Baba afariki, koti lake lilikuwa kabatini, na hakuna aliyethubutu kulisogeza.

"Mama," Dada akasema. "Hili ni koti la..."

"Ni mkono. Hujawahi kuona mkono?"

"Umelikata koti lake?"

"Si mlisema ndoto? Nimekuleteeni ndoto, mnaniuliza nimeitoa kabati gani."

Tukaunganisha vipande vitatu, mshono kwa mshono. Rafiki yake Dada, binti mrefu tuliyemwita Mlingoti, ambaye ndiye angeivaa, akaja kuijaribu.

Hapo ndipo tulipogundua tulichofanya. Tulikubaliana kuhusu vidole viwili vya kuungia, lakini hakuna aliyekumbuka kusema tunampima nani. Dada alimpima Mlingoti. Mimi nilimpima Shangazi, pamoja na pamba zake zote. Mama alisimama mbele ya kioo akajipima mwenyewe. Tulikuwa tumemshonea mtu mmoja kwa miili mitatu. Kwa Mlingoti, sehemu yangu ilishuka hadi sakafuni kama imekata tamaa, na ule mkono haukufika begani. Ulimshika kooni.

"Anakaba," Mlingoti akasema, akikohoa kidogo. "Samahani, Mama. Lakini anakaba."

"Hakuwahi kumkaba mtu," Mama akajibu. "Wewe ndiye umeota shingo mahali pasipo pake."

Dada akatafakari, akachukua kiwembe cha kufumulia. Ulikuwa uamuzi wa kawaida kabisa. Mkono ufumuliwe, upandishwe, ushonwe upya kwa kipimo cha Mlingoti. Saa moja ya kazi. Maonyesho yalikuwa kesho, na maisha yake yote yalikuwa upande wa pili wa kesho hiyo.

"Fumua," Mama akasema. "Kazi ni yako. Mimi nilikuwa mabega tu."

Alisema kwa wepesi, lakini alikuwa amegeuka na kuanza kupanga mikasi ambayo ilikuwa tayari imepangwa. Dada akaingiza ncha ya kiwembe chini ya uzi wa kwanza. Mishono ya Mama pale begani ilikuwa midogo kuliko yoyote niliyowahi kuiona kwake, midogo na imekaribiana, kama mtu aliyeogopa kitu kisije kikatoka. Dada akaitazama. Akautoa ule wembe.

"Nguo hii ina mtu mmoja tu inayemtosha," alisema.

Mimi na Mlingoti tukageuka kumtazama Mama.

"Msinitazame hivyo."

"Mama."

"Mimi nipande jukwaani? Na dirisha tumboni? Watu watasema nimerukwa na akili."

"Hiyo ndiyo mada yenyewe, Mama."

Tulikaza sehemu ya Dada kwa pini. Sehemu yangu, yenye kiuno cha Shangazi, tuliifunga kwa mpira na matumaini.

Ukumbi wa chuo ulikuwa na viti vya plastiki na njia ndefu ya mbao katikati. Wasichana warefu walipita mmoja mmoja, nyuso zimekazwa. Mwenye karakana alikaa mstari wa mbele, miwani yake imefungwa mkufu, hasemi kitu, haandiki kitu. Kisha akatoka Mama.

Watu walicheka, na walikuwa na haki. Mfuko wa goti ulikuwa unabembea, pazia la tumboni limepinda, na chini ya yote kulikuwa na viatu vyake vya kwendea sokoni. Aliyekuwa karibu nami alisema, "Bibi wa nani huyu jamani?" Mama hakuharakisha. Alitembea polepole, hatua fupi, amejisogeza kidogo upande wa kulia, kama anavyotembea mtu anayemwachia mwenzake nafasi. Nilikuwa nimesahau kwamba ndivyo alivyokuwa akitembea zamani.

Alipofika mwisho akageuka, na watu wa nyuma wakauona ule mkono ulivyotoka na ulivyolala. Kicheko hakikukatika mara moja. Kiliisha mtu mmoja mmoja, kama taa za nyumba kubwa zinavyozimwa. Mama akasimama, akainua mkono wake wa kushoto, akakirekebisha kile kiganja begani bila kukitazama, akarudi alikotoka.

Baada ya maonyesho mwenye karakana alitufuata nyuma ya pazia. Alimzunguka Mama, akagusa kifungo.

"Hiki kilegevu kwa makusudi?"

"Kwa ukaidi," Mama akasema.

Yule mama akamgeukia Dada. "Nafasi ni yako. Tuanze na huu mkono. Nataka makoti kumi namna hii kwa msimu ujao, rangi tofauti. Utauzika."

Nilimwona Dada akifunga macho. Neno alilolingoja lilikuwa limesemwa, lote, na sharti likiwa mkia wake. Akamtazama Mama.

"Usinitazame mimi," Mama akasema. "Nimeshachoka kutazamwa leo."

"Siwezi kuurudia huo," Dada akasema. "Nitakushonea makoti kumi, mama, hata ishirini. Lakini huo mkono una mwenyewe."

"Kwa hiyo utanishonea nini?"

"Sijui bado."

"Unakataa kitu ninachokitaka, na badala yake unaniletea sijui?"

"Ndiyo."

Mwenye karakana akavua miwani, ikaning'inia kifuani. Nilisikia mpira wa kiuno nilichokishona ukilia. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani.

"Mimi nina wasichana sita karakanani, na wote wanajua kila kitu. Njoo Jumatatu na hiyo sijui yako. Ikiwa mbaya nitakurudisha kwa mama yako."

"Mimi simpokei," Mama akasema. "Nimeshaipangisha cherehani yake."

Kutoka ndani ya ile nguo kulihitaji kufumua pini nyingi, na Mama alikataa kusimama pale akichomwa mbele ya watu. Kwa hiyo tulirudi nyumbani hivyo hivyo, mchana kweupe, barabara kubwa. Dada alikuwa analia na kucheka, na Mama alikuwa akimwambia achague moja. Watoto wa shule, wenye kola nyeupe tulizozishona sisi, walitufuata hadi njiapanda.

Fundi viatu wa kona alimfahamu Baba miaka mingi. Aliinua kichwa, akaangalia ule mkono, akaangalia kifungo. Nilidhani atatania.

"Habari za mchana," alisema, akasogeza kigoda chake kupisha njia pana zaidi. "Naona leo mmetoka wote."

"Tumetoka," Mama akajibu. "Alikuwa amechoka kukaa ndani."

Akapita, amejisogeza kulia. Mimi niliwafuata nyuma, nimeshika suruali upande mmoja na sketi upande wa pili, maana ule mpira ulikuwa umekatika.