Aliyeiita Naka Mapema

Nyota hii kwetu ni Suheli. Wasotho huiita Naka, yaani pembe, na ikichomoza kusini kabla ya jua, ujue baridi kali imebisha hodi. Anayeiona wa kwanza hupewa ng'ombe na chifu. Ndiyo maana Sekhobe alikuwa kilimani alfajiri ile, amejifunika blanketi, macho yanamwasha kwa kukodoa.

Hakuwa mlafi. Ng'ombe wake wote walikufa kwa theluji mwaka uliopita, mkewe Thakane alikuwa amekauka maziwa, na mtoto wao Puleng alizidi kunyong'onyea kila siku. Majirani nao walikuwa na wanao wa kulisha.

"Usimwite kabla hajatokea," Thakane alimwambia alipokuwa akitoka. Mama yake alikuwa wa Baroa, wawindaji wa mapangoni, na kwao nyota ile ni bibi kizee mwenye baridi mifupani. "Ukimwita bure, anakuja kwako uliyemwita."

"Hayo mambo ya mama yako."

"Mama yangu hakuzika mtoto hata mmoja."

Huko kilimani wingu zito lilikuwa limeilalia milima. Ralebitso, mwenye zizi lililojaa tele, naye alikuja kujaribu bahati, na mdomo haukumtulia.

"Sekhobe, nenda kalale. Mwenye njaa haoni mbali."

Wenzake wakacheka. Kicheko kile kilimchoma Sekhobe kuliko baridi. Wingu likafunuka kidogo, kitu kikametameta chini ya mlima, moto wa wachungaji bila shaka. Alijua si nyota, na bado akapaza sauti: "Naka!" Wingu likajifunga. Nani ambishie? Kwa desturi yao aliyeita ndiye aliyeona, maana hakuna mwenye akili timamu awezaye kuisingizia Naka.

Jua lilipotoka, mganga Mokhele alitumbukiza mifupa yake ya ramli katika bakuli la maji yaliyotulia, asome bahati ya mwaka. Aliinama hadi watu wakaanza kunong'ona.

"Mtoto mmoja hatauona mwisho wa baridi," alisema.

Kina mama wakawakumbatia wanao. Sekhobe akamswaga ng'ombe aliyepewa na chifu kwenda nyumbani akijiambia kwamba watoto kijijini ni wengi. Wazo lile lilimtia aibu, lakini hakuliachia.

Siku ile Puleng alikunywa maziwa akashiba, hata akacheka. Thakane alimsifu mumewe mpaka Sekhobe akashindwa kumtazama usoni.

Alfajiri iliyofuata alitoka kwenda kukamua. Mbingu ilikuwa safi. Kusini, juu kidogo tu ya mlima, Naka ilikuwa imetoka, kubwa, inatetemeka. Mokhele alikuwa amesimama kando ya zizi.

"Waiona, mwanangu?"

"Naiona, Ntate, baba yangu. Ni ile ile ya jana."

"Ya jana ingekuwa imepanda zaidi. Hii ndiyo kwanza inachungulia."

Sekhobe akapiga magoti. "Nisamehe, Ntate. Nitamrudisha ng'ombe."

"Mrudishe, usimrudishe, shauri yako na chifu." Mzee hakukasirika, na hilo lilimtisha Sekhobe zaidi. "Mimi leo natupa mifupa upya, nisome mwaka wa kijiji. Jana nyota ya kijiji ilikuwa haijaja. Nilimsomea aliyeita."

Ndani ya nyumba Puleng alikohoa, na Thakane, asiye na habari, akamwita mumewe alete maziwa upesi.