Wodi Iliyopandishwa Daraja

Boitshepo alibonyeza "Sawa" mdomo ukiwa umejaa magwinya, maandazi ya mviringo. Kijisanduku cha maneno kikatoweka kwenye kioo cha kompyuta, na wodi ya wazazi ya kijijini kwao ikafunguka taratibu: paa, baraza, vyumba. Akapanua mlango mmoja ili kitanda cha magurudumu kipite, akahifadhi, akalamba mafuta kidoleni. Ndipo alipotazama juu ya kioo akaona programu aliyoifungua.

Akaisukuma kando sahani ya magwinya.

Kompyuta ile ilikuwa ngeni mezani pake, na ndani yake programu ya kuchorea majengo ilikuwemo mara mbili, ya zamani na mpya, zimekaa ubavu kwa ubavu kama mapacha. Faili la zamani ukilifungua kwa ile mpya na kulihifadhi, linapanda daraja, na likishapanda halishuki. Rra Moatlhodi, mhandisi wao aliyeko Palapye, alikuwa na ile ya zamani tu. Leo ndiyo siku yake ya kuchora mihimili. Kesho kamati ya kijiji inakuja Francistown kuitazama wodi. Bila mihimili wangeonyeshwa paa linaloelea hewani.

"Mma Tshekiso," aliita. "Nimeipandisha."

Mma Tshekiso, msanifu mwenye ofisi, akatokeza na kikombe cha chai. "Umepandisha nini, mwanangu?"

"Wodi."

Kikombe kikatua mezani. "Nakala ya akiba?"

"Ya wiki iliyopita. Haina hata paa." Boitshepo akajishika kichwa. "Rra Moatlhodi anayo ya jana, kwenye kompyuta yake. Lakini folda yetu ya mtandaoni ni moja: kompyuta yake ikigusa mtandao tu, hili faili langu litateremka lenyewe na kuifuta."

"Sasa unaniangalia nini? Piga simu!"

Simu ya mhandisi haikupatikana. Alikuwa porini kwa ng'ombe wake. Boitshepo akampigia mkewe.

"Mma, kompyuta ya Rra imewashwa?"

"Ndiyo naiwasha. Wenzangu wa kwaya wamefika, tunataka nyimbo zetu."

"Usiiwashe!"

"Mbona imeshaanza kunguruma?"

"Basi chomoa boksi la intaneti, mama yangu! Lile la ukutani lenye vitaa!"

Zikasikika ndala zikikimbia, kiti kikaanguka, wanawake wakacheka. "Tayari, nimechomoa."

"Vitaa vimezimika?"

"Vinanikonyeza. Nadhani nimechomoa friji."

"Yoo, nyama ya harusi!" mtu akapiga kelele nyuma yake.

"Chomoa waya wa pili!"

"Haya. Hili sasa limekata roho kabisa. Na kwaya yetu?"

"Imbeni bila kompyuta, Mma. Nawaomba, imbeni tu!"

Wakaimba kweli, simu ikiwa bado hewani, na Boitshepo akateleza kitini hadi akakaa sakafuni. Alikuwa amechora vyoo vya shule, uzio wa makaburi, kibanda cha mlinzi. Wodi hii ilikuwa kitu cha kwanza alichoombwa na watu wanaomjua kwa jina la utotoni.

Jua lilikuwa limepanda Rra Moatlhodi alipopiga.

"Wewe binti, umewafanya nini wanawake hawa? Nimekuta wameizunguka kompyuta yangu kama polisi. Wananikataza kuigusa!"

"Wasikilize, Rra. Nakili faili la jana kwenye flashi, ulipe jina jingine. Halafu ndipo urudishe mtandao, unitumie."

"Na friji?"

"Friji irudishe sasa hivi!"

Faili lilipofika, Boitshepo hakulibonyeza. Aliifungua kwanza programu ya zamani kwa mkono wake, akatazama jina lake juu ya kioo mara mbili, kisha ndani yake akalifungua faili. Hakuna kijisanduku kilichomuuliza neno. Paa likaja, baraza likaja, vyumba vikaja. Mlango ulikuwa mwembamba kama jana, akaupanua upya, kisha akamrudishia Rra Moatlhodi faili achore mihimili.

"Ile mpya ifiche," alisema Mma Tshekiso nyuma yake, "mahali ambapo hata mimi siioni. Na kila faili liandike toleo lake kwenye jina." Kisha akalichukua gwinya lililobaki, akalila lote.

Jioni mihimili yote ilikuwa mahali pake.

Kesho yake kamati ikazunguka meza. Walipapasa karatasi, wakasifu baraza, wakabishana kuhusu rangi. Mkunga mzee aitwaye Mma Gaborekwe akauliza, "Na sisi tunaowasindikiza wazazi, tutakaa wapi?"

Boitshepo akachukua penseli, akachora benchi fupi kando ya ukuta wa baraza.

Mma Gaborekwe akainama, akalitazama kwa makini.

"Refusha," akasema. "Tunakujaga wengi."

Penseli ikaendelea kutembea kwenye karatasi, na kidole cha bibi kikiitangulia.