Mfuko Ulioyeyuka na Achari

Shiori alikuja Ushimado, mji wa pwani huko Japani, kumsalimu mama yake, Bi Kinuyo, akiwa amebeba mifuko iliyotengenezwa kwenye maabara anakofanyia kazi.

"Plastiki hii, Mama, ikiingia baharini inayeyuka."

Bi Kinuyo aliuvuta mmoja kwa nguvu zake zote. Haukuchanika. "Mgumu kweli! Na mvua je?"

"Haiufanyi kitu. Kinachouyeyusha ni chumvi."

"Basi samaki watakunywa plastiki."

"Hapana. Vipande vyake vinaliwa na vijidudu vya majini."

"Vyote?"

Shiori alisita. "Hilo ndilo tunalolichunguza sasa."

Bi Kinuyo aliguna, akaenda kupika wali.

Kesho yake asubuhi mlango ulifunguliwa bila hodi. Alikuwa jirani yao Tokuji, mfuga chaza, suruali imemlowa nyuma, figili za achari amezikumbatia kifuani.

"Bi Kinuyo! Umenipa achari au umenipa mtihani? Jana nimeuacha mfuko wako kwenye kiti cha gari. Leo nakaa, chubwi! Figili zipo, mfuko haupo!"

Shiori alimgeukia mama yake. "Uliitia achari kwenye mfuko wangu?"

"Si ulisema mgumu?"

"Nilisema chumvi inauyeyusha!"

"Ulisema bahari. Ningejuaje kwamba bahari na mtungi wangu wa achari ni ndugu?"

Tokuji alicheka mpaka figili moja ikamponyoka. Shiori naye akashindwa kujizuia. Alipotulia akawaeleza kwamba mifuko ya kuuzwa itapakwa utando wa kuzuia chumvi, na ukikwaruzwa na mchanga wa baharini ndipo itayeyuka.

"Na ukikwaruzwa sokoni?" aliuliza mama.

"Achari itamwagika."

"Basi kazi bado unayo, mwanangu."

Hakusema kwa kejeli. Miaka yote Bi Kinuyo aliwaambia watu kwamba binti yake "anashughulika na vichupa huko mjini Wako," kisha akabadili mazungumzo. Sasa Shiori alimsikia akimweleza Tokuji habari za utando kama aliyeupaka mwenyewe, na moyo wake ukajaa raha.

Alichukua kitambaa akaenda kukisafisha kile kiti cha gari. Mchana Tokuji akarudi na ndoo ya chaza, suruali kavu. Wakawachoma chaza uani, maswali yakaendelea, na treni ya Shiori ya kurudi Wako ikaondoka bila yeye.