Pweza wa Mwamba Uliofungwa

Taulo ndilo lililoanza kumtia Devotha kinyaa. Lilikuwa moja, la kijivu, la watu wawili, kwa sababu mumewe Sadock alisema msafiri wa begi la mgongoni habebi kitu mara mbili. Tangu Tanga halikuwahi kukauka. Asubuhi Sadock alijifutia uso, jioni alijifutia miguu, na mkewe alitakiwa atafute upande wake hapo katikati. Halafu soksi. Halafu sufuria moja, ya chai na ya dagaa. Halafu lile hema, ambalo likifunguliwa zipu tu hukupulizia hewa ya kwapa la mtu mzima.

Devotha alikuwa muuguzi, mtu wa Bukoba, mtu wa kutandika shuka mpaka pembe zikae sawa. Safari hii hakuitaka. Lakini masika yaliyopita mimba yao ya kwanza ilitoka, tayari wameshaichagulia jina, na nyumba yao ya Mwanza ikawa haikaliki. Sadock akasema waombe likizo, wafuate pwani na mabegi yao, watembee mpaka wasahau. Devotha akakubali kwa kuwa hakuwa na wazo jingine. Sasa walikuwa kisiwani Mafia, na kitu pekee alichokwisha kusahau ni jinsi mtu msafi anavyonukia.

Katika kijiji cha Ndagoni walishukia kwa Bi Mwanamkuu, mama wa makamo aliyewapa nafasi ya hema uani kwake.

"Shikamoo mama," walisema wote wawili.

"Marahaba wanangu. Karibuni, hapa ndo kwenu."

Alipomwona Devotha anajifuta na lile taulo huku amekunja uso, hakuuliza kitu. Aliingia ndani akatoka na kanga kavu, iliyofukizwa udi. Devotha aliitia pua akakaa hivyo, karibu alie. Kwa mara ya kwanza tangu waanze safari alijisikia mtu.

Jioni, wakikuna nazi na Sadock akisikiliza pembeni, Bi Mwanamkuu alimweleza Devotha habari ya mwamba ulioko mbele ya kijiji. Ulikuwa umefungwa. Wanakijiji walikubaliana wenyewe, watu wa hifadhi ya bahari wakawasaidia kuweka maboya, kwamba pweza asiguswe mpaka akue. Siku ya kuufungua watashuka wote pamoja, wanawake wakitangulia. Bi Mwanamkuu ndiye aliyechaguliwa kuulinda.

"Ndugu yangu Shaabani, tumenyonya titi moja, nilimkamata na pweza wa mwamba ule," alisema. "Desturi yetu, mkosaji husimama mbele ya watu na pweza wake mkononi. Akasimama. Mpaka leo haniamkii. Yeye na mkewe wananingoja niteleze mimi."

"Na wewe mama, huna hamu?"

"Mbona mate yananitoka usingizini, mwanangu. Lakini neno nililitoa mwenyewe."

Kesho yake maji yalipokupwa, Sadock alitoka peke yake. Alirudi kwa kuzunguka nyuma ya minazi, amelowa mapaja, anacheka, amebeba ile sufuria yao. Alikuwa ameifunika kwa taulo.

Akamwita Devotha huko huko, akafunua. Pweza alikuwa bado na uhai kidogo, rangi ikimpanda na kumshuka, ute umemvaa mzito kama kamasi la mtoto mwenye mafua. Mnyiri mmoja ulikuwa umeling'ang'ania taulo ukilivuta ndani ya sufuria. Shombo likamfika Devotha kooni.

"Umemtoa wapi?"

"Hapo mbele. Wamejaa, Devo, hata hawakimbii."

"Ndani ya maboya."

"Mmoja tu. Tunampikia huku huku, namrekodi kidogo, basi. Kesho tunaondoka, nani atajua?"

"Bi Mwanamkuu ndiye mlinzi. Wakijua pweza kapikwa kwake watamfanya nini?"

"Watamalizana wenyewe, wale ni ndugu." Akaanza kutafuta simu mfukoni.

Devotha alikuwa amesafisha vidonda vilivyooza bila kugeuza uso. Sasa alimtazama mumewe anavyojilamba midomo, akageuza uso. Aliingiza mkono kwenye sufuria, akamkamata pweza na ute wake wote, akaenda naye uani.

Bi Mwanamkuu alikuwa anamenya mihogo. Kwa bahati mbaya Biubwa, mke wa Shaabani, alikuwa amesimama kizingitini, amekuja kuazima kinu. Wote wawili walimwona pweza kabla hawajamwona Devotha. Kisu cha Bi Mwanamkuu kilisimama, na Biubwa akaanza kutabasamu.

Sadock alimpita mkewe mbio. "Mama, utusamehe sana," alisema. "Mke wangu ana mimba changa. Hamu ya pweza imemshika, nikashindwa kumnyima."

Tabasamu la Biubwa likabadilika, likawa la kweli. Mwenye mimba hanyimwi, hilo hata adui analijua. Bi Mwanamkuu akashusha pumzi, akalitazama tumbo la Devotha kwa upole.

"Si ungeniambia, mwanangu," alisema. "Hilo lina udhuru."

Ilibaki Devotha anyamaze tu, na kila mtu pale angepona, hata mwenye nyumba. Sadock akamwekea mkono mgongoni, umelowa bado, akambonyeza kidogo. Mwili mzima ukamsisimka kwa karaha. Mtoto waliyemlilia pamoja, huyu amemtoa kaburini kumfanya kitoweo.

"Sina mimba, mama," alisema. "Nilikuwa nayo, ikatoka masika. Mwambani kaingia huyu kwa ulafi wake, na mimba kanizulia hapa hapa mbele yenu."

Kisha Bi Mwanamkuu akainuka, akajikung'uta maganda.

"Baba, mshike pweza wako," alimwambia Sadock. "Twende kwa watu."

Sadock aliutazama ule ute, akarudisha mikono nyuma. "Ananata," alisema. "Nipeni basi hata taulo nimshikie."

"Mume wangu alimshika kwa mikono," Biubwa alisema.

Devotha akampa mumewe pweza mikononi, minyiri ikamzunguka viganja. Kisha akainama kwenye ndoo, Bi Mwanamkuu akamkamulia ndimu na kummiminia maji, mpaka shombo likatoka. Alijifuta kwa ile kanga ya udi. Taulo alikwenda kulichukua nyuma ya minazi, likitiririka ute, akamtundikia Sadock begani.

"Ni lako hilo," alimwambia. "Pande zote mbili."