Uti wa Punda Haukanyagwi

...na kama kuna mtu kwenye benchi hii anayebisha kwamba Kipkemei wa Saboti amevuka Uti wa Punda mara kumi na tisa kwa miguu yake miwili, wima kama mlingoti, mara moja akiwa na mtungi wa gesi kichwani, basi na abishe, abishe sasa hivi, lango la wodi bado limefungwa na hakuna mwenye pa kwenda, lakini nani atabisha, si wamekuwa wakiyanywa maneno yake tangu saa tano, yule mama mwenye mtoto wa kikohozi ameacha hata kumpapasa mtoto mgongo ili asikie vizuri jinsi Kipkemei alivyokuwa wa kwanza kuteremka porini, jinsi alivyomtoa Wanyonyi kwenye ukungu, mfupa wa paja umevunjika, akamtia mgongoni, kilomita kumi na moja hadi kwenye gari... "Jana ulisema saba," Joy akasema, dada yake Wanyonyi, ana miaka kumi na sita na mdomo wa miaka sitini, "kesho utatuambia ulimbeba mpaka Bungoma, ukapitia Lwakhakha kununua sabuni," benchi zima likacheka, na Kipkemei akacheka pia, akamwambia wewe mtoto ukiolewa mume atahamia kanisani, lakini ndani hakucheka, ndani kulikuwa kunachemka tangu asubuhi, mkasirikie nani kwanza, mkasirikie askari huyu, dakika kumi na tano tu zimebaki na hafungui, ati saa sita na nusu ni saa sita na nusu, hata macho hainui kwenye simu, mkasirikie huyo mtoto na kikohozi chake, mkasirikie Mama Wilkista, mama yake Wanyonyi, aliyeketi pale na hotpoti ya kuku magotini, harufu inatoka, mama mzima mwenye kitambaa safi kichwani ambaye hajapiga kelele, hajamlaani mtu, ameuliza swali moja tu tangu afike, na Kipkemei ameliruka kama mtu arukaye mtaro, na sasa anaona kwa pembe ya jicho anageuka tena, anakohoa kidogo kwa adabu... "Kijana, nikuulize tena. Huyo mjomba wako, Mzee Kigen, alimfundisha kijana yangu kuketi kule murimani, ama hakumfundisha?" ...kuketi, kuketi, watu hawa wana nini na kuketi, kana kwamba kuna mtu aliyewahi kusifiwa kwa kuketi, mwambie habari za kilomita, mwambie habari za damu, "Mama, ukungu ulikuwa mzito, hungeona hata mkono wako," akasema, na hilo ni kweli, yote aliyosema ni kweli, hebu mtu amwonyeshe palipo na uongo, ukungu ulikuwa mzito, jiwe lilikuwa limelowa, Uti wenyewe si barabara ya lami, ni mgongo wa jiwe wenye urefu wa mita mia mbili, juu kabisa mlimani, upana wa meza ya kuuzia nyanya pale soko la mjini Kwanza, kushoto poromoko, kulia poromoko, na mjomba na ule wimbo wake wa miaka thelathini, Uti wa Punda haukanyagwi, unapandwa, ukifika pale ondoa kila kinachoning'inia, keti, mguu huku na mguu kule kama mtu aliyempanda punda, viganja mbele, jisukume kwa matako, na ukungu wa upande wa Uganda ukipanda kabla hujamaliza, kaa papo hapo, usisogee hata kama ni saa mbili, mpaka uone vidole vya miguu yako mwenyewe, na suruali yake ina viraka viwili vya turubai kule nyuma, Mzee Viraka, Kipkemei alimwita hivyo tangu alipoacha shule kidato cha pili na kumfuata mlimani, alimwita hivyo mbele ya wageni, wageni wakacheka, mzee akacheka nao, miaka thelathini na hajampoteza mgeni, na kesho saa nne waongozaji watakaa pale Saboti na kumnyang'anya kitambulisho cha kazi kwa sababu kijana mgeni kazini, safari yake ya pili tu kubeba mizigo, alisimama mahali pa kuketi, na nani alipaswa kumfundisha, si mkubwa wa safari, basi mkubwa amezembea, amezeeka, akalime mahindi, na mzee alipoulizwa alisema neno moja, nilimwonyesha, hakuna aliyeamini, akamgeukia Kipkemei nyuma ya zizi, hakumfokea hata, afadhali angemfokea, akasema, "Wewe ulikuwa nyuma yake. Alisimama mwenyewe?" na Kipkemei akajibu, "Alisimama mwenyewe, mjomba," na hilo nalo ni kweli, miguu ilikuwa yake, hakuna aliyemshika kwapani, ni kweli, bana, si ni kweli... "Amesema mwenyewe alikuwa amesimama," Mama Wilkista anaendelea, taratibu, kama mtu anayechambua mchele, "nimemuuliza mara tatu. Nikimuuliza kama aliambiwa aketi, anageukia ukuta. Nami kesho nitaenda huko Saboti niseme, kwa sababu kuna watoto wa wenzangu watakaopelekwa pale," na anafungua mfuko wa plastiki uliokuwa chini ya hotpoti, mfuko ambao Kipkemei alidhani ni ndizi, si ndizi, ni suruali, ile ya kaki, anaikunjua pale pale kwenye benchi mbele ya watu, "lakini hii hainipi usingizi. Nimefua mara mbili, weusi hautoki. Daktari anasema alianguka kwa ubavu. Sasa huku nyuma palilika na nini?" na palilika kweli, matako mawili ya kitambaa yamekwanguliwa hadi nyuzi zimebaki nyeupe, na weusi ule ni ukoga wa jiwe la Uti, Kipkemei anaujua kama anavyoujua uso wake, hauoti mahali pengine popote, hakuna anayeupata kwa kusimama, mita mia moja za weusi, nusu nzima ya Uti kijana alikuwa ameupanda vizuri kabisa, viganja mbele, kama alivyoonyeshwa, pole pole, wageni wamekwisha kuvuka, mjomba yuko mbele amemezwa na ukungu, sauti yake inafika kama inatoka kisimani, keti hapo Wanyonyi, usisogee, na Wanyonyi akaketi, na nyuma yake nani, nyuma yake amesimama jogoo wa Saboti, mikono kiunoni, kwa sababu yule mgeni Judy alikuwa ameinua simu kupiga picha ng'ambo ya pili na ukungu ulipopasuka kidogo alipaza sauti, "Kipkemei, nakuona, wewe ni simba!" na simba atasimama vipi nyuma ya mtu aliyeketi, simba anataka njia, na simba akafungua mdomo... hapana, si hapo, anzia kwenye kubeba, anzia kwenye mgongo wake uliouma siku tatu, huo mgongo si uongo, daktari auangalie... "Wewe, si anakuuliza," Joy akasema, bila utani safari hii, na Kipkemei akataka kumrukia, wote hawa, akataka kuipiga teke hotpoti hiyo, kwa nini kijana yule hakusema mwenyewe, jana alipoingia kumwona, mguu umening'inizwa kwa kamba na mawe ya kuvuta, Wanyonyi alimshika kola akamvuta karibu, Kipkemei akajua basi, leo ananichomea, na badala yake akanong'ona, "Usimwambie mama niliketi," ati hilo ndilo linalomtia aibu, paja limekatika vipande viwili na bado anaficha matako yake, na Kipkemei alitoka pale akipiga mluzi, alipiga mluzi, korido nzima hadi langoni, kama mtu aliyeokota noti, na ndiyo hasira yenyewe hii, si ya askari, si ya mtoto wa kikohozi, kwa sababu alijua angemchoma wapi, alilichagua neno kama unavyochagua jiwe la kumpiga mbwa, Mbukusu kama Wanyonyi anasimama mbele ya kisu cha tohara mwezi wa Agosti, amepakwa matope, ukoo wote umemkodolea macho, asipepese, na akipepesa atazeeka na jina la woga, watoto wake watalisikia kisimani, Kipkemei mwenyewe alisimama mbele ya kisu cha kwao, anajua, alijua vizuri kabisa alipomwinamia kijana yule na kusema kwa sauti ambayo Judy angeisikia, "Kwani hata Agosti ile uliketi?" na Judy akacheka ng'ambo bila kujua anacheka nini, na Wanyonyi akageuza shingo, hakukasirika, alikuwa na uso wa mtu aliyeitwa jina lake na marehemu, viganja vikaachana na jiwe, kimoja, cha pili, akasimama, hatua moja, ya pili, akatabasamu, ndiyo, alitabasamu, mikono ameifungua kama siku ile, na hatua ya tatu haikuwa na jiwe... na wawili hao, mmoja kaning'inizwa kitandani na mmoja kwenye benchi, wanafanya kazi moja, wanalinda kusimama kwao, na anayelipishwa ni mzee aliyeketi miaka thelathini na kuchekwa miaka thelathini na kurudisha kila mtoto kwa mama yake, "Dakika kumi," askari akasema bila kuulizwa, hotpoti bado ya moto, suruali bado iko magotini mwa Mama Wilkista, kidole chake kinafuata nyuzi zilizolika, kinakwenda na kurudi, na yule mama mwingine anamsukuma Kipkemei kwa kiwiko, "Ebu endelea, kaka, ulipoteremka ukungu ukawaje?" na Kipkemei akafungua mdomo uende zake mbio kama siku zote, porini, damu, kilomita kumi na moja, ikatoka sauti ndogo asiyoijua, "Mama, Mzee Kigen alimfundisha. Wanyonyi aliketi, aliketi vizuri, hiyo suruali haidanganyi. Mimi ndiye niliyemsimamisha, kwa mdomo huu," na Joy akageuka, na angeishia hapo, hapo palitosha, hapo hata ni pa kishujaa kidogo, lakini maneno yalikuwa yameshika mteremko, "nitayasema kesho Saboti mbele ya wote, na hili nalo nitalisema. Kumbeba nilimbeba, huko chini, tukipokezana. Ila aliyeteremka kwanza kumtafuta ni mzee. Mimi sikuteremka. Alipoanguka tu miguu ilinikataa, nikalikumbatia lile jiwe, nikamlilia mjomba... Mama, mimi nilikuwa nimeketi."