Udongo Mtamu wa Bibi Stamili

Miaka ile Waingereza walipokuwa wakihangaika kupandisha maji ya bomba kutoka bondeni hadi juu Newala, Swalehe alikuwa mpishi wa Mzungu wa mabomba. Alikuwa mpishi hodari. Mkate, supu, nyama ya kuoka, vyote vilimtii. Memsabu, mke wa Mzungu huyo, aliwaambia wageni wake kwamba angeweza kuishi bila barua za kwao, lakini si bila Swalehe.

Ila ukweni kwake, kule Mkunya, Swalehe alikuwa karani.

Hakuwa amesema uongo, au ndivyo alivyojieleza mwenyewe. Siku ya posa, Mzee Bwanali, mjomba wa binti, aliuliza kijana anafanya kazi gani. Mshenga akajibu, "Yuko kwa Mzungu wa mabomba." Mzee Bwanali akaitikia kwa kichwa, taratibu, kwa heshima. "Kumbe kazi ya kalamu." Swalehe alikuwa ameinama, kama inavyompasa kijana anayeposa, na mtu aliyeinama hawezi kukanusha jambo likakanushika. Baada ya hapo alikwenda dukani akanunua kalamu, akaichomeka kwenye mfuko wa shati, na mambo yakaendelea hivyo.

Fatu, mkewe, aliujua ukweli mapema, maana makarani hawarudi nyumbani wakinuka vitunguu. Alinyamaza, kwa kuwa alimpenda. Naye Swalehe akiwa nyumbani hakugusa hata mwiko. Ugali ukiungua aliula kimya, kwa uchungu wa mtu anayejua hasa ulipoharibikia.

Kilichovuruga utulivu huo ni kipande cha keki. Memsabu alikuwa na keki moja aliyoipenda kuliko zote: bapa, nzito, nyeusi kwa kakao, imejaa njugu za kizungu zilizokuja ndani ya makopo, ikipoa inakatwa vipande kama matofali madogo. Jumapili moja vilibaki vipande viwili baada ya wageni kuondoka. Swalehe akavifunga kwenye karatasi akampelekea mkewe.

Alimkuta Fatu ana mgeni. Mama yake, Bibi Stamili, alikuwa amefika kutoka Mkunya na kitita cha mihogo. Swalehe akampitishia mkewe karatasi dirishani, naye akajizungusha nyuma ya nyumba, kwa sababu kwao mkwe mwanamume na mama mkwe hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini mpaka mwenzake apite. Kwa hiyo alisikia tu.

"Nini hiki?" aliuliza Bibi Stamili. "Kina rangi ya udongo."

"Onja, mama."

Ikasikika akitafuna, polepole. Bibi Stamili hakuwa mtu wa kusifu chakula. Katika ukoo wake alikuwa hakimu wa vyungu. Akisusa mboga yako msibani, ulizungumzwa wewe kuliko marehemu.

"Udongo mtamu," akasema mwishowe. "Nani kapika?"

Fatu alitupa jicho dirishani. Angesema ni mume wake, ukarani ungeanguka papo hapo.

"Mimi, mama."

"Wewe?"

"Mimi."

Bibi Stamili alimwangalia binti yake, ambaye tangu utoto alikuwa akipika kisamvu chenye mchanga. "Ndoa imekufaa," akasema, akachukua na kipande cha pili.

Haukupita muda, Mkunya yote ikawa inajua kwamba Fatu, mke wa karani, anapika udongo mtamu wa Kizungu. Ikatokea kwamba mdogo wake Fatu, Sophia, alikuwa anaolewa na watu wa Tandahimba, na watu hao walikuwa wametamba kwamba watakuja na biskuti za kopo. Bibi Stamili hakulala na neno hilo. Alituma ujumbe Newala: Fatu apike sinia zima la udongo mtamu kwa ajili ya harusi. Na yeye mwenyewe angekuja kutazama unavyopikwa, ili Sophia aingie kwa mumewe akiwa na ujuzi.

"Mimi siwezi kupika nyumbani," alisema Swalehe. "Mama yako akinikuta jikoni nimekwisha."

"Basi nifundishe, Baba Alfani." Hivyo ndivyo alivyomwita, kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

Akamfundisha. Memsabu alikuwa amempa kopo la kakao lililobaki nusu, na siagi, lakini njugu zake za kopo zilikuwa zimekwisha. Newala wakati huo ilikuwa imezungukwa na mikorosho kila upande. Korosho ziliondoka kwa magunia kwenda kubanguliwa Uhindi, na Wazungu wa Newala walikula njugu za makopo kutoka kwao. Swalehe alifikiri, akasema, "Tutatia korosho," kwa sauti ya mtu anayejishusha.

Somo halikwenda vizuri. Jikoni Swalehe aligeuka mtu mwingine. Mume mpole aliyekula ugali ulioungua bila neno alipotea, akatokea bwana mkali aliyefunga shuka kiunoni mithili ya aproni na kusema "No, no, no" kila mwiko ulipozunguka.

"Usipige kama unatwanga! Kunja! Unakunja unga, huupigi!"

"Unanifokea kwa Kizungu ndani ya nyumba yangu?" Fatu aliuliza.

"Sikufokei. Nakuelekeza."

"Memsabu naye anakuelekeza hivyo?"

Swalehe akageukia makaa. Hawakuwa na jiko la kuokea, kwa hiyo walitumia sufuria pana, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Keki ile ya kwanza ilitoka chini mkaa, juu uji. Fatu aliicheka mpaka akakaa chini. Mumewe hakucheka, aliizika nyuma ya choo kama mtu anayeficha aibu ya ukoo.

Asubuhi ya siku yenyewe Fatu alichoma korosho kwenye kipande cha debe kilichotobolewa. Moshi ukajaa uani. Kwa haraka ya kumaliza kabla mama hajafika, alianza kubangua bila kujipaka majivu mikononi, mafuta ya maganda yakamuunguza vidole vyote. Alipoushika mwiko, machozi yalimtoka.

"Siwezi," akasema.

Swalehe aliutazama mwiko. Akaitazama njia. Akavua shati lenye kalamu, akalitundika ukutani, akaingia jikoni. Alikuwa amekwisha yeyusha siagi, amechanganya sukari na mayai, na mkono wake umeshika mwendo wake, waliposikia hodi.

"Shikamoo, mama!" Fatu alipaza sauti, akaruka nje na kusimama mbele ya mlango. Lile jiko lilikuwa kibanda cha miti na udongo chenye mlango mmoja. Swalehe alibaki ndani, bakuli kifuani.

"Marahaba. Mbona umesimama kama askari? Nipishe niingie nione."

"Huwezi kuingia, mama. Upepo ukiingia tu, inakataa kuiva."

"Na wewe uliyetoka?"

"Mimi... imenizoea."

Bibi Stamili akaguna, akatandika kanga yake chini ya ukuta wa jiko, akaketi, mgongo ukaegemea udongo. Kati yake na mkwe wake kulikuwa na unene wa ukuta tu. Ndani, Swalehe aliacha kukoroga. Halafu akakumbuka kwamba mayai yaliyokwisha pigwa hayangoji mtu, akaanza tena, polepole.

"Nani anakoroga?" Bibi Stamili aliuliza.

Fatu alikuwa amesimama mbele yake, mikono imefungwa matambara. Akasema, "Jirani. Mama Lois. Ananisaidia, nimeungua."

"Ana mkono mzuri huyo. Sikiliza." Akasikiliza kwa kichwa kilichoinama. "Mwanamke wa kweli unamjua kwa mwiko. Afadhali wewe una jirani, maana yule karani wako, Mungu anisamehe, ni mtu wa bure. Vidole laini. Siku ile alipojenga uzio wangu, ulianguka kabla hajafika nyumbani. Lakini anajua kuandika, tutafanyaje."

Swalehe aliendelea kukoroga. Alitia unga, akatia kakao, akakunja, akamwaga korosho. Alikuwa amepata sifa na matusi kutoka kinywa kimoja kwa wakati mmoja, na hakujua apokee kipi kwanza. Akamimina mchanganyiko kwenye sufuria, akaweka juu ya makaa, akafunika. Hapo ndipo alipoona kwamba makaa ya juu yamekuwa majivu. Kwa Memsabu lilikuwa jambo la kuita tu, na mdomo wake ukafanya ulichozoea.

"Makaa!" aliguta, kwa sauti nene ya mpishi mkuu. "Leteni makaa ya juu, upesi!"

Kuku mmoja alipita uani.

Fatu alifumba macho. Aliposubiri na kuona mbingu haijaanguka, akafumbua. Bibi Stamili alikuwa amejifunika kanga usoni, kama mila inavyotaka mkwe akiwa karibu, na haikujulikana chini yake kuna uso wa namna gani.

"Mama Lois ana kifua," akasema mwishowe.

"Mama, nisamehe..."

"Nyamaza." Sauti ilikuwa ya chini. "Watu wa Mkunya nimewaambia nini? Watu wa Tandahimba wanangojea nini? Unataka nikawaambie binti yangu ameolewa na mpishi, tena karani mwenyewe hakuna, na udongo mtamu wenyewe umeungua?" Akanyanyuka, akaenda kwenye moto wa korosho, akazoa makaa mazuri kwa kigae. Alirudi kinyumenyume mpaka mlangoni, mgongo mbele, uso umefunikwa, akanyoosha mkono nyuma. "Mwambie Mama Lois makaa haya hapa."

Fatu alikuwa katikati yao, hatua moja kutoka kwa kila mmoja.

"Makaa haya hapa," akasema.

"Mwambie ahsante," Swalehe akajibu kutoka ndani, naye amegeukia ukuta.

"Anasema ahsante, mama."

"Mwambie asiyaache yakapoa."

Wakaoka hivyo mpaka harufu ikawavuta majirani, akiwemo Mama Lois wa kweli, ambaye alifukuzwa kabla hajauliza.

Harusini biskuti za kopo zilifunikwa kabisa. Wageni wa Tandahimba waligombania vipande, wazee wakavificha kwenye mifuko ya kanzu. Mama wa bwana harusi akauliza nani fundi wa chakula hiki. Fatu alifungua mdomo, kwa kuwa ndivyo walivyopanga. Lakini Bibi Stamili alikuwa ametazama nyuso zile zote zinazosubiri jina, na mtu ni mtu.

"Mimi," akasema.

Tangu hapo ikawa ni yeye. Kila shughuli kati ya Newala na Tandahimba iliyomwalika Bibi Stamili ilimwalika pamoja na sinia lake, na kila mara Swalehe alifika kabla ya watu, akaingizwa kwenye kibanda fulani cha jiko kwa mlango wa nyuma, akaoka huku mama mkwe amekaa nje, mgongo ukutani, akipokea heshima. Wakiuliza mkwe wake yuko wapi, alijibu kwamba kazi za kalamu hazina likizo. Swalehe hakula tena pilau la shughuli kwenye jamvi na wanaume wenzake. Alikula ukoko wa kando ya sufuria, amesimama.

Sophia alipojifungua mtoto wa kwanza, wakaitwa Tandahimba kwenye sherehe. Swalehe alikuwa jikoni anakata vipande aliposikia sauti ya Mzee Bwanali nje, kwenye jamvi la wazee.

"Yule karani ana kiburi. Shughuli zote hizi hajakaa nasi hata moja. Nilimpa mtoto wetu nikidhani nampa mtu, kumbe nimempa kalamu."

Wengine wakaguna kukubali. Swalehe aliweka kisu chini. Aliona kwamba amechoka, tena si kwa kupika. Akainua sinia, shuka lake la aproni likiwa kiunoni, kakao mpaka viwikoni, akatoka nje kwenye mwanga wa adhuhuri na kusimama mbele ya wazee. Upande wa wanawake, Bibi Stamili alivuta kanga akajifunika mpaka kidevuni.

"Shikamooni," alisema Swalehe. "Mimi si karani. Sijawahi kuwa karani. Mimi ni mpishi, na chakula hiki nimepika mimi. Vyote vile mlivyokula, nilipika mimi."

Wazee walimtazama. Kisha Mzee Bwanali akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ubavu, na jamvi zima likamfuata.

"Nilimsema vibaya!" alilia. "Tazameni mtoto huyu! Msomi mzima, mtu wa kalamu, amejipaka masizi akabeba sinia la mama mkwe wake ili wazee tucheke! Hana kiburi hata chembe!"

"Mzee wangu, nasema kweli."

"Amesema kweli!" Wakacheka upya. Mmoja akamsogezea nafasi, mwingine akampokea sinia, na Swalehe akajikuta amekaa jamvini kati ya mabega ya wanaume, na kipande cha keki yake mwenyewe kimetiwa mkononi mwake.

"Onja, mwanangu," alisema Mzee Bwanali. "Uone mkono wa mama yako."

Swalehe akang'ata, akatafuna kwa makini.

"Sukari imezidi kidogo," akasema.

Kicheko kikakatika. Mzee Bwanali akamtazama kwa jicho kali, akamwambia kwamba mzaha una mpaka wake, na kwamba chakula cha mama mkwe hakitiwi dosari mbele za watu, hasa na mtu asiyejua hata kuwasha moto.