Wapangaji wa Kifuani Mwangu

Usiku wa jana niliota nimeitwa jikoni kwangu mwenyewe, na nilipofika nikaambiwa nikae kwenye benchi la wageni.

Aliyeniambia ni sufuria kubwa, ile ya pilau. Ilikuwa imekaa kwenye kiti changu, mfuniko umeinama upande mmoja kama kofia ya diwani.

"Mama Tuzo," ikasema, "asante kwa kuja. Kuna watu wanataka kukushukuru."

"Hicho ni kiti changu," nikasema.

"Tunalifahamu hilo," ikajibu, na haikuinuka.

Niliudhika, lakini kuudhika hakukuwa kugeni kwangu. Wiki nzima nilikuwa nimeudhika nikiwa macho. Jumatatu Daktari Kihwele aliniambia kwamba kolesteroli yangu iko juu, mafuta yamezidi kwenye damu. Nikamwambia kipimo chake kimekosea mtu. Mimi nyama siijui. Kuku akichinjwa nyumbani, paja ni la Baba Tuzo, kidari ni cha watoto. Mimi nakula kinachobaki.

"Na kinachobaki huwa ni nini, mama?" akauliza.

Kinachobaki ni ngozi. Ni mafuta ya mbuzi ambayo kila mtu ameyatenga pembeni ya sahani. Ni ukoko uliolala kwenye mafuta chini ya sufuria. Baba Tuzo hunisogezea sahani yake na kusema, "Malizia, Mama Tuzo, baraka isipotee." Nami namalizia, kwa sababu ndivyo marehemu mama alivyotulea mimi na dada yangu Skolastika: anayetupa chakula anamtemea Mungu mkononi. Dada Skolastika alimalizia vya watu maisha yake yote. Alianguka kwenye mazoezi ya kwaya, katikati ya wimbo, mkono kifuani, na hakufika hospitali. Sasa mimi nimefikia umri aliokuwa nao siku ile. Mwezi wa kumi na moja nina mtihani wa kidato cha nne, ambao nimeusubiri tangu nikiwa msichana. Kila siku namwomba Mungu nifike kwenye dawati lile nikiwa napumua.

Sufuria inagonga mfuniko wake. Ukuta wa jikoni unafunguka kama pazia, na mimi nimo ndani ya kichochoro. Kuta zake ni nyekundu, laini, zina joto. Nakitambua mara moja, kwa sababu Mwalimu Ngailo alikichora ubaoni kwenye masomo ya jioni. Ni mshipa wa damu.

"Wa nani huu?" nauliza.

"Wako. Ule wa kwenda kwenye moyo," inasema sufuria, kisha inarudi kukaa kwenye kiti changu.

Pande zote mbili za kichochoro wamekaa watu. Nikisogea naona si watu. Ni ngozi za kuku, ni mabonge ya mafuta ya mbuzi, ni vipande vya ukoko. Wametandika mikeka. Wameanika nguo. Mmoja anapuliza jiko la mkaa. Wananiona, wanapiga vigelegele.

"Mwokozi wetu kaja!"

"Mwokozi ni mmoja tu," nawaambia. "Nyie ni akina nani?"

Ngozi moja ya kuku, ya kizee, yenye vipele, ikasimama ikanipa mkono.

"Mimi ni wa Pasaka," ikasema. "Hunikumbuki, mama? Baba Tuzo alinitenga pembeni. Tuzo akasema kinyaa. Mbwa mwenyewe alikuwa ameshiba. Wewe peke yako ukasema nisipotee. Basi sikupotea. Niko hapa."

"Wote tuko hapa," likasema bonge moja kubwa la mafuta ya mbuzi. Lilikuwa limekaa kwenye kigoda katikati ya njia, limekunja nne. "Hajapotea hata mmoja wetu. Wewe ni mama wa mfano."

"Sasa mbona mmekaa njiani?"

"Ulituokoa," ngozi ikasema kwa upole, "lakini hukutuonyesha pa kulala."

Wakati huohuo damu inapita. Ni mwanamke mwembamba, amevaa nyekundu, ndoo kichwani. Anapita kiubavu akipiga kelele.

"Hodi, hodi! Hewa ya moyo hiyo! We bonge, vuta mguu! Hata jana uliniahidi utanipisha!"

Bonge halivuti mguu. Ndoo inagonga ukuta na nusu ya hewa inamwagika.

"Ndiyo maisha yetu humu," mwanamke ananiambia, anajifuta jasho. "Nilikuwa na mwenzangu akifanya kazi kwa dada yako. Mwishowe alikuta njia imezibwa kabisa. Alisimama pale na ndoo yake mpaka kukawa hakuna wa kumpelekea."

Akaendelea na safari. Mimi nilisikia baridi miguuni, halafu hasira ikapanda ikaifukuza baridi.

Nikafungua pindo la kitenge changu. Nilikuwa nimefunga humo chupa ya vidonge vya mafuta ya samaki, alivyoniuzia Mama Gaudensia wa kwaya akiniapia kwamba nikivimeza nile nipendavyo. Nikaifungua. Kikatoka kidonge kimoja, cha njano, kinang'aa kama bwana harusi.

"Fanya kazi yako," nikakiambia.

"Ipi, mama?"

"Waondoe hawa."

"Mimi ni nyongeza," kikasema. "Imeandikwa kwenye chupa. Wewe umeweka nini, ili mimi niongeze?"

"Nimeweka imani."

"Imani ni nzuri sana. Mimi nilikuwa naulizia mboga."

Kidonge kikaona bonge la mafuta ya mbuzi, kikafungua mikono. "Shemeji!" Wakakumbatiana. Kikanigeukia. "Na mimi ni mafuta, mama, ila ya upande wa baharini." Kikakaa mkekani, kikauliza kama kuna chai.

Nilisema "Yesu na Maria," na sikusema kwa upole.

Ndipo yakaja maharage. Yalikuja kwa mstari, kila moja na fagio begani, yakasimama mbele yangu.

"Tumesikia kuna kazi."

"Mbona mmechelewa hivi?"

"Unatuita Ijumaa za Kwaresima tu," likasema la mbele. "Njia kama hii inataka kufagiwa kila siku, tukisaidiana na dona na mboga za majani. Na siku unazotuita unatuunga kwa mafuta mpaka tunaelea. Mara ya mwisho tuliteleza wote tukaangukia kwa hawa, wakatukaribisha tulale."

"Basi fagieni sasa."

"Tutafagia. Wewe panda."

"Nipande nini?"

Kichochoro kinasimama wima. Sasa ni kile kilima cha kwenda kanisani, ambacho Daktari Kihwele aliniambia nikipande kila asubuhi, nami nikamjibu kwamba kuzunguka jikoni kutwa kunatosha. Wapangaji wote wamenirukia mgongoni. Wamejifunga kwa kitenge changu kama watoto wachanga. Maharage yako nyuma yangu, yanafagia.

Napanda. Natweta. Jasho linatoka, na wao pia linawatoka.

"Mimi nashukia hapa," unasema ukoko. "Sikuzoea kutikiswa."

"Na mimi," inasema ngozi ya Pasaka. "Tulidhani wewe ni mtu wa kukaa. Kwa heri, mama, ulitupenda."

Wanashuka mmoja mmoja, wanafagiliwa bondeni. Bonge kubwa limebaki. Limenikaba shingo.

"Mimi sishuki," linanipumulia sikioni. "Mimi nimebarikiwa. Ulisali juu yangu kabla ya kunila, tena kwa sauti, wageni wote walisikia."

"Nilikubariki uwe chakula. Sikukubariki uwe mpangaji!"

"Nimekaa miaka. Nina haki zangu."

"Haki gani! Nani alikwambia mimi ni jaa? Nyumba nzima inatenga vitu pembeni ya sahani, kumbe pembeni penyewe ni mimi! Jaa la kijiji lina uzio. Mimi hata uzio sina!"

"Hayo waambie waliokusogezea sahani," likasema bonge, bila hasira. "Mimi nilifunguliwa mlango."

Neno hilo liliniuma kuliko uzito wake. Nikazidi kupanda.

Juu ya kilima kulikuwa na benchi la kwaya, na dada Skolastika amelikalia, amevaa joho lake la Jumapili. Ana sahani mapajani. Anakwangua. Mashavu yamejaa.

"Umechelewa, mdogo wangu," akasema. "Mama kasema tumalizie."

"Dada, bado unakula?"

"Hakiishi. Nikimaliza, wanasogeza kingine." Akaninyooshea sahani. Juu yake kulikuwa na ngozi, na mafuta, na ukoko, nusu imeliwa. "Nusu yako hiyo. Nimechoka kumalizia peke yangu."

Mkono wangu ukanyooka. Haukuniuliza. Ulikwenda kama unavyokwenda siku zote, na vidole vikakunjika tayari kumega. Nilimpenda sana dada yangu. Kumkatalia chakula ilikuwa kama kumzika tena.

"Dada," nikasema, "kiache kipotee."

Maharage yakaacha kufagia. Bonge likaacha kupumua. Nikafumba macho nikangoja mbingu zinipasukie. Upepo ukavuma kidogo, upepo wa kawaida tu. Mungu hakusema neno.

Nilipofumbua macho, dada alikuwa ananitazama.

"Kumbe inawezekana?" akasema.

Akaiweka sahani chini. Akainua mikono yake mitupu, akaigeuza huku na huku kama vitu vya kuazima. Kisha akasimama, akarekebisha joho, akaendelea na ule wimbo, pale pale alipoukatia.

Bonge likashuka mgongoni mwangu polepole. Likajipangusa.

"Haya," likasema kwa heshima. "Mlango uko wapi?"

"Ule wa jikoni. Komeo la chini limeshika kutu. Sukuma kwanza, ndipo uvute."

"Asante kwa makazi, mama."

"Nenda."

Nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka, na baridi ya Julai ilikuwa imeingia hadi ndani ya blanketi. Baba Tuzo alikuwa anakoroma. Rozari ilikuwa bado imejizungusha mkononi mwangu. Nikainuka nikaenda jikoni kuwasha moto. Jana jioni, kwa mara ya kwanza tangu Kwaresima, tulikula dona na maharage ya kuchemsha, na chupa ya mafuta haikuguswa. Mbuzi hatujamla tangu Pasaka.

Komeo la chini mimi hulifunga kila usiku, kwa kulipiga na kisigino. Lilikuwa limevutwa. Na juu ya ile kutu, mahali pa kushikia, kulikuwa na alama ndogo ya mafuta meupe, yameganda kwa baridi.

Nikachuchumaa, nikayagusa. Yalikuwa na harufu ya mbuzi. Kidole kikainuka chenyewe, kikaanza safari yake ya siku zote kuelekea mdomoni.

Nikakisimamisha njiani. Nikafungua mlango, nikatoka nje, nikakipangusa kwenye majani yenye umande. Mafuta yakapotea.